Kikombe cha Karani

Kila siku ya kazi, saa mbili kasorobo asubuhi, nilikuwa nasaini mahudhurio ya paka.

Paka mwenyewe aliitwa Afisa. Alikuwa mali ya serikali, mwenye namba ya usajili shingoni, na makazi yake rasmi yalikuwa nyumbani kwa Bi Kidawa, Mpelelezi wa Hiari wa Kata ya Kisima Kikavu. Mimi nilikuwa karani wa kata. Nilifika dirishani, nikafungua daftari, nikaangalia kama Afisa yupo, nikaandika "yupo". Kisha Siwema, binti wa pekee wa Bi Kidawa, alipitisha mkono kati ya nondo za dirisha akanipa kitumbua kimoja cha moto kwenye kipande cha gazeti.

"Na hiki kiandike," aliniambia kila siku. "Kitumbua: yupo."

Nami kila siku nilicheka kimyakimya, kwa sababu kucheka kwa sauti sijui.

Jumatano ile nilifika saa mbili kasorobo. Afisa alikuwepo. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Nikaandika "yupo". Nikaendelea kusimama pale na daftari langu, muda mrefu kuliko unaoruhusiwa kwa paka mmoja. Ndipo akapita Chande, fundi viatu wa jirani, amebeba bonge la barafu begani ndani ya gunia, maji yakimchuruzika mgongoni.

"Usisubiri kitumbua, Nasra," alisema. "Siwema hatunaye. Pumu. Jana jioni, kule zahanati."

Akaenda zake haraka, maana barafu haisubiri.

*

Kwa wasomaji wa nchi nyingine, ambao hawana bahati ya kuongozwa kama sisi, naomba nieleze.

Waziri wetu wa Usalama wa Raia alikwama siku mbili katika uwanja wa ndege wa ugenini, akanunua sanduku la riwaya ili apitishe muda. Zilikuwa riwaya za vijiji vizuri vyenye maua, ambamo watu wanauawa mmoja baada ya mwingine na hakuna anayeacha kunywa chai. Polisi wa humo hukamata mtu asiye na hatia. Kisha hutokea bibi mmoja mwenye uzi wa kufuma na paka, akawakusanya wote sebuleni, akamtaja muuaji, na muuaji akakiri kwa sentensi ndefu zilizopangika.

Waziri aliporudi alisimama bungeni.

"Waheshimiwa, nimefanya utafiti," alisema. "Katika vitabu kumi na moja, polisi hawakumpata muuaji hata mmoja. Bibi mfumaji aliwapata wote kumi na mmoja. Nani hapa yuko tayari kubishana na takwimu?"

Hakuna aliyekuwa tayari. Makachero wa polisi walihamishiwa kulinda misafara ya viongozi, kazi ambayo ilikosa watu kwa muda mrefu. Kila kata ikaagizwa itafute mwanamke aliyepita miaka hamsini, anayejua kufuma na anayejua habari za watu. Kwetu, Bi Kidawa alikuwa anafuma vitambaa vya makochi. Aliteuliwa kabla hajaweka sindano chini. Alipewa paka, na alipewa baiskeli yenye kikapu mbele, ambayo hakujua kuiendesha, kwa hiyo kuku wakawa wanatagia kikapuni.

Kanuni zilikuwa rahisi, na karani wa kata alipaswa kuzikariri. Kila kifo ni fumbo. Marehemu hazikwi mpaka fumbo lifumbuliwe, kwa sababu vitabuni hakuna mazishi. Hakuna kulia kabla ya Kikao cha Chai, kwa sababu vitabuni hakuna anayelia, na machozi yanaharibu ushahidi. Sababu ya kuua lazima iwe ya kibinafsi: wivu, mapenzi au urithi. Mkosaji lazima awe amekunywa chai kikaoni. Na mkosaji lazima awe mtu asiyetarajiwa.

Watumishi wa serikali hawanywi chai ya kikao. Hii ni kwa ajili ya nidhamu tu.

*

Kanuni ya mtu asiyetarajiwa ilileta mabadiliko makubwa katika tabia za wananchi. Mwaka wa kwanza Mzee Ndimbo alifariki akiwa na miaka tisini na mmoja, usingizini, na mkosaji akawa kinyozi wake, mtu mpole asiyewahi hata kumkata mtu sikio. Baada ya hapo watu wapole wakajiona wako hatarini. Mwalimu wa chekechea alianza kutembea na panga. Mpiga kengele wa kanisani alisimama sokoni kila Jumamosi akatangaza majina ya watu ambao angependa kuwaua, ili wakifa yeye awe ametarajiwa. Nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kisimani, "Nitukane, shoga, nitukane mbele za watu, mimi nawe tumepatana mno."

Ndipo majirani wakakaa wakapanga zamu. Nyumba kwa nyumba, kila kifo kikitokea, mtu mmoja angekiri. Adhabu ilikuwa miezi mitatu katika Nyumba ya Majuto, kule mlimani kwenye baridi, na wote waliona kwamba miezi mitatu ya mtu mmoja ni nafuu kuliko maiti kukaa juu ya ardhi. Watu walikwenda kukiri kama wanavyokwenda kuchimba kaburi. Ilikuwa njia ya kumpa mfiwa pole. Bi Kidawa alijua zamu ya nani, akamtaja, na mtu huyo akakiri. Kisha kengele ikapigwa, watu wakaruhusiwa kulia, na jioni wakazika.

Chande alikuwa amekiri mara nne. Alipenda kuwasimulia wengine juu ya mlima ule.

"Chukua soksi mbili mbili," aliwaambia. "Na usikubali kitanda cha karibu na mlango. Wala si kitanda, ni saruji, lakini wao wanakiita kitanda, nawe kiite kitanda."

Vikao arobaini na kimoja vilifanyika hivyo, na katika vyote mimi ndiye niliyeandika muhtasari na kuusoma mwishoni. Sauti yangu ni ndogo sana. Hakuna aliyewahi kusikia nilichosoma, na hilo lilimfurahisha sana Bwana Lutengano, Mratibu wa Upelelezi wa Hiari wa wilaya. "Karani wa mfano," alinisifu. "Anasoma bila kusumbua."

Katika kila kikao Bi Kidawa aliniwekea kikombe cha chai ya maziwa kando ya daftari langu. Alijua mtumishi hanywi. Alisema nyumbani kwake hawezi kumnywesha mtu chai huku mwingine anatazama. Kila mara nilikiacha kikapoa mpaka kikafanya utando juu, kisha Siwema alikuja kukusanya vyombo, akainama sikioni kwangu. "Siku moja utakunywa, we mtoto," alininong'oneza. "Haina sumu."

*

Sasa nieleze kuhusu Jumanne, ingawa ilikuwa siku ya furaha.

Jumanne hiyo Waziri alikuja kata yetu kusherehekea miaka mitano bila fumbo lililobaki. Bwana Lutengano alitaka maputo mia mbili, na alitaka yapae angani Waziri anaposhuka garini. Wananchi walijitolea kuyapuliza kwa midomo. Alikataa.

"Pumzi za wananchi ni nzito," alisema. "Tunahitaji hewa ya kitaalamu. Karani, andika."

Nikakaa, nikaandika. Alinisomea neno kwa neno: Zahanati ya Kisima Kikavu inaombwa kutoa mitungi yote minne ya oksijeni kwa shughuli ya kitaifa, nayo itarudishwa ikiwa imejazwa. Nina mwandiko mzuri. Yeye akasaini, akagonga muhuri, akaipuliza wino ukauke.

Nilikuwepo tulipojaza maputo. Yalipendeza: mekundu, ya njano na ya kijani. Hayakupaa. Nesi wa zahanati alikuwa ametuambia mapema kwamba oksijeni haipaishi kitu, na Bwana Lutengano alikuwa amemjibu kwamba yeye ni nesi tu. Basi tukayafunga kwenye fito, wanafunzi wa darasa la tatu wakayainua juu ya vichwa vyao, na kwa mbali ilionekana kama yanapaa. Waziri alikaa dakika nane. Alisema Kisima Kikavu ni mahali ambapo angependa kuzeekea.

Jioni hiyo upepo wa vumbi ulivuma, kama kawaida ya mwezi ule, na Siwema akabanwa kifua. Baba yake, Mzee Kombo, alimpakia kwenye ile baiskeli ya serikali baada ya kuwashusha kuku, akaisukuma hadi zahanati. Walikuwa wamekwenda hivyo mara nyingi kabla. Mara zote Siwema alivuta hewa nusu saa, akarudi kwa miguu akilalamika kwamba baiskeli inamwumiza.

Nesi aliandika kwenye kitabu chake: "Oksijeni haikuwepo." Asubuhi yake Bwana Lutengano alikuja na kalamu ya rangi ileile akasahihisha, pakasomeka: "Oksijeni haikutumiwa na mgonjwa."

*

Faili lilifunguliwa Jumatano. Kwa kuwa kata ina Mpelelezi mmoja, Bi Kidawa alipewa kupeleleza kifo cha mwanawe mwenyewe. Bwana Lutengano alisema ni heshima kubwa na kwamba vitabuni hutokea, hasa kile cha saba.

Nilikwenda kwake mchana. Nilikuwa na jambo la kumwambia. Nilikuwa nimelipanga lote njiani, neno kwa neno, kama barua.

Alikuwa amekaa kwenye kochi, sindano ya kufumia mkononi, uzi umeisha, mkono unaendelea kufuma hewa. Hakulia. Kanuni alikuwa anazijua kuliko mimi.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

Nikafungua mdomo. "Paka," nikasema. "Nimekuja kuhakiki paka."

"Yupo chini ya kochi," alisema. "Mhakiki."

Nikamhakiki.

Alhamisi nilisaidia kubeba barafu. Siwema alikuwa amelazwa kwenye stoo ya zahanati, chini ya bati, na kila saa Mzee Kombo alikwenda kwa muuza soda akarudi na ndoo. Ni mzee mwembamba, kifua chake mwenyewe kikilia kama mlango. Alinyanyua kanga, akapanga vipande vya barafu pembeni mwa mwanawe taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto asiamke. Tulipotoka Bi Kidawa alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwendea. Niliposimama mbele yake nikasema, "Barafu ya leo ni ya duka la chini. Ile ya juu imekwisha." Kisha nikauliza kama paka amekula.

"Amekula," alisema, akanitazama sana. "Na wewe umekula?"

*

Shida ilikuwa zamu. Nyumba iliyofuata kwenye orodha ilikuwa ya Bi Kidawa mwenyewe, na Mpelelezi haruhusiwi kuwa mkosaji. Alibaki mtu mmoja tu wa nyumba hiyo.

Chande alikwenda ofisini kujitolea. Nilikuwepo.

"Bwana Mratibu, niandike mimi," alisema. "Nilimwua kwa wivu. Au mapenzi. Chagua wewe iliyo na fomu."

"Wewe umekiri mara nne," Bwana Lutengano alimjibu kwa huruma. "Umeshazoeleka. Mtu akifa tu, kila mmoja anasema Chande. Wewe sasa unatarajiwa, ndugu yangu. Huna tena sifa."

"Basi na mwalimu, na mpiga kengele..."

"Mmoja ana panga, mwingine anatangaza majina sokoni. Wanatarajiwa." Akajiegemeza kitini, akatabasamu. "Lakini baba mzazi! Mzee mpole, anayesukuma baiskeli, anayebeba barafu. Nani angetarajia? Sababu ni urithi: marehemu alikuwa na cherehani. Mheshimiwa Waziri ataipenda hii."

"Mzee Kombo hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano," Chande alisema. "Mikono inamtetemeka. Na kule juu, kwa kifua kile, wiki hamalizi. Nimelala kule mimi. Nasema hamalizi."

"Karani," Bwana Lutengano alisema, "anza muhtasari mapema, tusichelewe. Mkosaji: Kombo."

Nikaandika. Nina mwandiko mzuri.

*

Kikao cha Chai kilikuwa Ijumaa alasiri. Watu walijaa sebuleni na nje, wanaume ukutani, wanawake mkekani. Mwalimu aliacha panga lake mlangoni kwa heshima ya msiba. Makochi yalikuwa na vile vitambaa vyeupe vya Bi Kidawa, vimenyooshwa, na kimoja kilikuwa nusu, kimeishia pale uzi ulipoishia. Bwana Lutengano alikaa katikati na chupa yake ya maji kutoka mjini.

Bi Kidawa aligawa chai mwenyewe, kwa kuwa aliyekuwa akikusanya vyombo hakuwepo. Aliweka kikombe kando ya daftari langu.

"Ndugu wananchi," Bwana Lutengano alianza, "fumbo lililo mbele yetu ni la kina. Msichana mwenye afya njema, isipokuwa ugonjwa, anaingia zahanati yenye kila kitu, isipokuwa kilichopungua, na hatoki. Nani alinufaika? Nani alitamani cherehani? Nisingependa kumwingilia Mama Mpelelezi. Mama, karibu, taja."

Bi Kidawa alisimama. Aliwatazama watu wote mmoja mmoja, kama alivyofanya siku zote, na alipofika kwa mumewe akashindwa kuendelea.

Mzee Kombo aliweka kikombe chake tupu chini. Alikuwa amevaa soksi mbili mbili. Nilizitambua, zilikuwa za Chande.

"Nitaje, mama Siwema," alisema. "Mimi niko tayari. Mtoto anaharibika."

"Kombo..."

"Barafu imekwisha pande zote mbili. Nimeuliza hadi kwa wauza samaki. Nitaje, tukamzike leo, kabla jua halijazama. Nikishaona udongo, nitapanda huo mlima mwenyewe, wala wasinisukume."

Mwanamke mmoja mkekani akavuta makamasi. Bwana Lutengano akamwonya kwa kidole.

"Mkosaji ni," Bi Kidawa alisema. "Mkosaji ni."

Penseli yangu ilikuwa juu ya jina lililokwisha kuandikwa. Nilikitazama kile kikombe. Kilikuwa kimeshafanya utando. Nikakinyanyua kwa mikono miwili, nikanywa chote, utando na majani ya chini pia. Kilikuwa kimetiwa tangawizi. Katika vikao arobaini na kimoja sikuwahi kujua kwamba anatia tangawizi.

"Karani!" Bwana Lutengano alisimama mpaka chupa ikaanguka. "Unafanya nini? Wewe ni mtumishi!"

"Amekunywa," Chande alisema pale ukutani. "Sote tumeona. Aliyekunywa anaweza kutajwa, Bwana Mratibu, na anaweza kukiri. Kanuni yenu hiyo."

"Nasra?" mtu alisema nyuma. "Huyu? Huyu hata nzi hajamfukuza."

"Ndiyo maana," mwingine akajibu.

Nikasimama, nikasema nilichotaka kusema. Midomo yangu ilikwenda yote. Walioketi mstari wa mbele waliinamisha vichwa kusikiliza, na wa nyuma wakaulizana, "Kasemaje?"

"Haikusikika!" Bwana Lutengano alisema haraka, akikaa. "Iandikwe kwamba haikusikika. Tuendelee."

Lakini mwandishi nilikuwa mimi, na penseli yangu ilikuwa imeviringika chini ya kochi, alipokuwa paka.

Bi Kidawa alivuka mkeka. Alinishika viganja, na viganja vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyekuwa amebeba barafu.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Kwa sauti. Baba yake yuko kule mwisho, masikio yake si mazuri."

Nikarudia.

"Mama, ile barua ya kuomba mitungi niliiandika mimi. Bwana Mratibu alinisomea, nikaandika, akasaini. Mitungi yote minne. Tuliitia kwenye maputo, na maputo hayakupaa. Mzee Kombo hakufanya kitu. Siwema alikosa hewa, na hewa yake niliiomba mimi, kwa mwandiko wangu. Tangu Jumatano nakuja kwako kukwambia hivyo, na kila nikifika nauliza paka."